Mkono Kwenye Bakuli la Pilipili

Mtu akitaka kunitukana, aje jikoni kwangu anitukane uso kwa uso, nikiwa nimeshika upawa. Hapo tutaelewana. Lakini Natividad hakufanya hivyo. Natividad alikaa mahali pake pa siku zote, mwisho wa meza ndefu, karibu na dirisha. Akakata kipande cha rokoto yangu, akatafuna, akameza. Halafu mbele ya watu wote akanyoosha mkono, akavuta bakuli la pilipili ya mezani, akachota, akaimwagia ile rokoto.

Sijui nyumba za watu wengine wanafanyaje. Hapa kijijini Sachaca, katika nyumba hii ya kulia chakula aliyoianzisha marehemu mama yangu, hilo bakuli ni la viazi na jibini, la kumshikilia mtu anayesubiri chakula chake. Rokoto iliyojazwa haiongezewi pilipili. Yenyewe ni pilipili. Nimeitoa mbegu kwa vidole vyangu, nimeichemsha, nimeijaza nyama na karanga na zabibu kavu, nimeifunika kwa jibini, nimeitia kwenye tanuri la kuni mpaka ngozi yake imekunjamana. Wewe ukija ukaimwagia pilipili ya bakuli, huna haja ya kufungua mdomo. Umeshasema mpishi amekwisha.

Na wala asiniambie mtu kwamba Natividad hakujua. Sheria hiyo mlinzi wake mkuu alikuwa yeye. Aliwahi kumnyang'anya bakuli bwana mmoja kutoka Lima, mtu mzima na tai yake shingoni, akamwambia, "Baba, kama unataka kumtukana huyu mama, subiri kwanza ashibe." Watu walicheka wiki nzima. Leo mkono uleule ndio unaomwaga.

Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni na jagi la chicha, pombe yetu ya mahindi. Nilihisi uso wangu unachemka, kwa hasira, na kwa jambo jingine lililokuwa baya kuliko hasira. Rokoto ile kweli haikuwasha. Nilijua. Nilikuwa nimeiosha mwenyewe.

Hapo ndipo alipojitia don Teobaldo. Huyu ni mstaafu wa reli, anakula kwangu tangu treni zikiwa bado zinabeba watu, na hajawahi kuwa na wazo lake mwenyewe hata siku moja. Bendera hufuata upepo. Alikuwa amefika katikati ya rokoto yake, na yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kali kama alivyotaka Mungu. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kola, leso imelowa, pua inachuruzika. Akaitazama sahani ya Natividad, akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema, "Kweli, doña Natividad. Siku hizi haziwashi."

Haziwashi. Na machozi yanamdondoka kwenye viazi.

Basi hukumu ikawa imepita. Meza ya pili wakaonja, wakasema ni kweli, imepoa. Meza ya tatu wakasema walishaona tangu zamani ila walinionea haya. Kila mmoja wao alikuwa anaungua mdomo huku anasema hasikii kitu. Ningeweza kuwamwagia chicha vichwani. Lakini nilikuwa nimefungwa mdomo, na aliyenifunga ni mtoto niliyembeba mimi mwenyewe kwenye maji ya ubatizo.

Tuseme yote. Natividad Zúñiga ni komadre wangu. Mwanawe wa pekee, Wilfredo, mimi ndiye mama yake wa ubatizo. Natividad na mimi tumekua kwenye mfereji mmoja, mama yake akifuga ng'ombe, mama yangu akipika. Alipofiwa na mumewe alikula kwangu, aliposomesha mtoto alikula kwangu, na Ijumaa haijapita bila kumwona pale dirishani. Tukiitana komadre hatuigizi.

Wilfredo alikuja Jumatatu moja asubuhi nikiwa nachuja chicha. Anafanya kazi ofisi ya bima mjini, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Akakaa kwenye kigoda changu cha kumenyea viazi, akaanza kulia. Sikuwa nimemwona akilia tangu alipovunjika mkono utotoni. Akaniambia mama yake alianguka bafuni. Tumbo. Walimlaza hospitali siku kadhaa, na yeye Natividad akakataza nisiambiwe, eti nisije nikamletea supu mbele ya manesi. Daktari amesema pilipili apunguze.

"Sasa mwambie apunguze," nikasema.

"Mama wa ubatizo, wewe unamjua. Ukimwambia mama asile kitu, anakula mara mbili."

Hilo sikuweza kubisha.

"Nyumbani sijui anakula nini," akasema. "Lakini Ijumaa anakuja hapa, najua anakula rokoto. Nakuomba. Ya kwake ioshe sana, iwe haina kitu. Yeye hatajua. Na usimwambie kwamba mimi nimekuja. Akijua hatanisamehe."

Nikamwambia sijawahi kumdanganya mlaji, sembuse mama yake. Akazidi kulia. Akanishika mkono na mikono yake miwili, akasema, "Ninaye yeye tu." Unamfanyaje mtoto wa namna hiyo? Nikaweka kiganja juu ya jiwe la kusagia la marehemu mama, pale ambapo limeshalika katikati, nikaapa kwamba hili halitatoka mdomoni mwangu. Nilijiapisha mwenyewe, hakunishikia kisu. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Rokoto ya nyumba hii hupita kwenye maji mara moja, na chumvi na sukari kidogo, ili ikumbuke adabu tu. Ya Natividad nilianza kuichemsha na kumwaga, nachemsha tena namwaga, kwa sukari, kwa siki, mpaka ikabaki nyekundu ya bure. Ungeweza kumpa mtoto anayeota meno. Nilikuwa naifanya mgongo wangu ukiwa umeelekea mlango, kama mwizi, ndani ya jiko langu. Na ili isichanganyike na nyingine kwenye trei, niliiwekea zeituni moja nyeusi juu ya kifuniko chake cha jibini.

Ijumaa ya kwanza aliiona ile zeituni. Akaichukua kwa vidole, akaila kwanza, akawaambia wenzake wa meza, "Mnaona? Nyie mmewekewa? Komadre wangu ananidekeza." Akanipungia mkono. Na mimi nikampungia.

Ikaendelea hivyo. Lakini yule si mtu wa kudanganywa ulimi. Alianza kutafuna polepole, anatazama juu, anasikiliza mdomo wake. Ijumaa moja akaniuliza rokoto za msimu huu zimetoka wapi. Nikasema mvua imezidi huko zinakolimwa, zimekuwa na maji. Akasema, "Aa." Ijumaa iliyofuata alipomaliza kula aliingia jikoni, akafunga mlango nyuma yake.

"Komadre, niambie ukweli. Hizi rokoto zinawasha?"

Nilikuwa naosha masufuria. Ningeweza kuendelea kuosha. Niligeuka nikamtazama.

"Zinawasha, komadre. Mwulize Teobaldo."

Akagusa midomo yake kwa vidole.

"Basi ni mimi," akasema. "Basi ulimi wangu unakufa. Mama yangu alianza hivyo hivyo, ulimi, kisha masikio, kisha akawa hatujui." Halafu akacheka kidogo, akanipiga begani, akaniambia nisimwambie mtu.

Mnisikilize vizuri. Usiku ule sikulala, na aliyenikosesha usingizi alikuwa Wilfredo. Nilimlaani kwa majina yake yote ya ubatizo, na majina hayo niliyachagua mimi. Lakini nilikuwa nimeapa kwenye jiwe la mama. Na zaidi ya hapo, Natividad alikuwa amenenepa kidogo, rangi imemrudia. Nikajiambia, Casimira Begazo, vumilia, ni dawa hiyo.

Yeye hakuvumilia. Wiki hiyo alikwenda ng'ambo ya daraja, kwa Leonor. Leonor anasaga pilipili kwa blenda. Nyumba ya kulia chakula isiyo na jiwe, na haoni haya, blenda lenyewe ameliweka mahali wateja wanaliona. Natividad alikula rokoto ya Leonor, na rokoto ya Leonor ikamuunguza mpaka kwenye masikio. Akajua ulimi wake mzima. Akajua kwamba nilimtazama usoni nikamdanganya. Kwa nini, hakujua. Akadhani nimezeeka mkono, au napikia watalii, na nimemwachia yeye mzigo ili nilinde jina langu.

Ijumaa iliyofuata ndipo akavuta lile bakuli.

Sasa mnaelewa kwa nini sikumjibu. Ningejibu nini? Nikisema rokoto zangu zinawasha, wataniambia onja hii ya Natividad. Nikisema ya Natividad ni tofauti, nimevunja kiapo. Nikabaki nimesimama na jagi langu nikisikia watu wazima waliokulia mikononi mwa mama yangu wakisema chakula cha nyumba hii kimepoa kama cha watu wa Lima.

Wiki iliyofuata meza ya nyuma ilikaa tupu. Baadaye na ya katikati. Wale wa ushirika wa wafuga ng'ombe, ambao huagiza kwangu chakula cha sikukuu ya kijiji kila mwaka, walipita nje ya mlango wangu bila kusalimu, na mtu hapiti nje ya mlango wangu bila kusalimu ila kama anakwenda kwa Leonor. Mama yangu alifia katika kazi hii. Alikuwa na mikono iliyobabuka kwa pilipili, ikawa haiwezi kumgusa mtoto usoni. Mimi hakuwahi kunishika mashavu. Na jina alilolilipia hivyo lilikuwa linakwenda na maji kwa sababu ya machozi ya kijana wa bima.

Nikampigia simu Wilfredo.

"Niondolee kiapo," nikamwambia.

"Mama wa ubatizo, bado kidogo tu. Si unaona alivyopona? Inafanya kazi."

"Mama yako ananimaliza. Watu wananikimbia."

"Watarudi," akasema. Halafu akasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka nataka kutupa kitu. Akasema, "Ni pilipili tu, mama."

Pilipili tu. Viatu vyake vya kwanza vya shule vililipiwa na pilipili hiyo. Sikumpigia kelele. Nilimwambia kwa upole kabisa, "Njoo Ijumaa, mwanangu. Mlete mama yako. Mle wote wawili hapa, watu wawaone, mniokoe jina." Akakubali. Upole wangu ungemtisha mtu mwenye akili, lakini yeye alishukuru.

Ijumaa hiyo nyumba ilikuwa nusu. Natividad aliingia akiwa ameshikwa mkono na mwanawe, akanisalimu kwa kichwa tu. Akakaa dirishani, Wilfredo kando yake, na don Teobaldo mbele yao, ambaye hakosi hata kama anasema chakula kibaya. Nikatoa trei kwenye tanuri. Rokoto zote zilizooshwa mara moja, nyekundu, jibini linachemka bado. Na pembeni, ile yenye zeituni.

Nilipeleka sahani mwenyewe. Ya zeituni nikamwekea Natividad. Ya kawaida nikampa Teobaldo, nyingine Wilfredo, ambaye alikuwa anatabasamu kwa kila mtu. Natividad akakata, akaonja. Hakunitazama. Mkono wake ukaenda kwenye bakuli.

Nikaweka kiganja changu juu ya bakuli.

"Hapana, komadre."

Nilikuwa nimeapa kwamba halitatoka mdomoni mwangu, na mdomo wangu niliufunga. Nilichukua sahani ya Teobaldo, ambaye alikuwa ameshika uma hewani, nikaiweka mbele ya Natividad. Yake nikamwekea Teobaldo.

"Kuleni," nikasema.

Natividad akakata kipande kikubwa kutoka rokoto ya Teobaldo, akatia mdomoni. Alitafuna mara mbili, tatu. Niliona moto unampanda. Shingo ikawa nyekundu, macho yakajaa, akashika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, akakohoa. Ilimuwasha kweli. Na miye, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilitaka wote waone. Nilitaka kupanda juu ya meza.

Don Teobaldo naye alikuwa ameshajaza mdomo wake ile ya zeituni. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akasema kwa sauti kubwa, kwa sababu hajui nyingine, "Doña Casimira, hii ni kitindamlo? Hii ya mtoto mchanga."

Mtu wa meza ya pili akacheka. Mwingine akasogea, akachovya mkate, akaonja, akacheka zaidi. "Tamu kama boga." Wakaanza kuonja sahani zao, na ghafla zote zinawasha, kila mtu anaungua, kila mtu anadai chicha. Jina la nyumba ya mama yangu lilirudi pale pale, nikalisikia likirudi, nikasimama katikati ya kelele hizo nimeshika kiuno.

Ndipo nikaona Natividad anatazama sahani ya Teobaldo. Pale kando, Teobaldo alipoisukuma kwa uma, kulikuwa na zeituni. Akatazama sahani ya mwanawe. Akageuza shingo akatazama sahani za meza ya pili, moja moja. Hakuna zeituni.

"Zeituni," akasema.

Alisema kwa sauti ndogo, lakini kicheko kilikatika. Akamgeukia Wilfredo. Wilfredo alikuwa anaangalia ndani ya glasi yake kana kwamba kuna mtu amezama humo.

"Pilipili usiyoila yakuwashiani, Wilfredo?"

"Mama, daktari alisema—"

"Daktari aliniambia mimi. Nilikuwepo. Tumbo ni langu, nililipeleka mwenyewe na nikalirudisha mwenyewe."

"Usingeacha, mama. Nakujua."

"Unanijua." Alifuta macho kwa kitambaa cha meza. Yalikuwa machozi ya rokoto, au si ya rokoto, sikuweza kutenganisha. "Tangu nitoke hospitali, nyumbani kwangu hakuna pilipili. Nimempa jirani mche wa kwenye kopo, na ulikuwa unazaa. Supu nakunywa nyeupe. Viazi nakula na chumvi. Niliacha zote, nikabakisha moja. Ya Ijumaa. Ya hapa. Wiki nzima nakula chakula cha mgonjwa bila kunung'unika, kwa sababu Ijumaa inakuja. Ungeniuliza ningekwambia. Hukuniuliza."

Don Teobaldo alikuwa ameacha kutafuna. Nilitaka kumsaidia komadre wangu. Nikaona sasa ndio wakati wa kumwangushia huyu kijana maneno niliyokuwa nimeyaweka akiba, na nilikuwa na mengi. Nikaanza, "Wewe, Wilfredo—"

"Mwache," Natividad akasema. "Huyu ni mtoto. Aliogopa kubaki peke yake."

Akanigeukia.

"Wewe nilikuja jikoni kwako. Nilifunga mlango. Nilikuuliza kama ulimi wangu umekufa, na ukanitazama. Nikaenda nyumbani, komadre, nikaanza kuaga. Nilikuwa naonja kitu kimoja kimoja, chumvi, kahawa, limau, nasema labda kesho hiki nacho sitakisikia. Na wewe ulikuwa unajua."

Ningeweza kusema kiapo. Ningeweza kusema jiwe la mama, machozi ya mwanao, dawa, rangi imekurudia. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililotaka kutoka.

"Na leo," akasema, "ulipotaka jina lako lirudi, njia ukaiona. Mimi niko hapa kila Ijumaa. Wiki zote hizo hukuiona."

Akavuta sahani karibu. Akala rokoto ile ya Teobaldo yote, mpaka ngozi, mpaka jibini lililoganda pembeni. Alikula bila haraka huku pua inachuruzika na macho yanatiririka, na sote tulikaa tukimtazama kama watu walio kanisani. Hakugusa chicha. Alipomaliza alijifuta, akasimama. Wilfredo akampa mkono, yeye akaupita. Akanipita na mimi. Akatoka mlangoni peke yake, akipinda kidogo upande mmoja.

Wilfredo nilimwambia atoke, na kwamba asiniite mama mpaka nitakapomwambia. Aliacha sahani yake hajaigusa. Don Teobaldo akaiomba.

Watu walirudi, bila shaka. Wiki ile ile. Wafuga ng'ombe walikuja kuagiza chakula cha sikukuu, tena wakiwa na kofia mikononi, na mkubwa wao akaniambia hakuna mkono kama wangu bonde zima. Nikamuuliza mbona basi alikuwa anakula kwa Leonor. Akacheka. Nilitaka kumfukuza, lakini nyumba ni nyumba, nikamwandalia. Kila mtu sasa anasifu ukali wa rokoto zangu kwa ulimi uleule uliosema hazina kitu, na hakuna hata mmoja aliyeniomba radhi. Nikiwatazama wakijifuta jasho nawaona wote ni akina Teobaldo.

Lakini pale dirishani hapakukaliwa. Sikumkataza mtu. Walikuwa wanabanana kwenye mabenchi mengine na kupaacha wazi, na Ijumaa nikawa napika huku nasikiliza mlango.

Natividad alipokuja hakupita mlango wa wateja. Alipita ule wa uani, wa jikoni, nikiwa natoa mbegu. Hakunisalimu. Akachukua aproni yangu ya akiba kwenye msumari, akaifunga. Akachagua rokoto moja kwenye kikapu, akaigeuza mkononi, akachukua kisu.

"Sufuria dogo liko wapi?"

Jikoni kwangu hakiguswi kitu. Mama yangu aliwahi kumpiga sista mmoja wa parokia kwenye vidole kwa sababu alifunua chungu. Mimi mwenyewe niliruhusiwa kushika moto nikiwa nimeshaolewa. Nilimwonyesha sufuria kwa kidevu, nikasogea, nikampisha kwenye jiko la mama yangu.

Tangu siku hiyo ndivyo anavyofanya. Anakuja, anafunga aproni, anatoa mbegu za rokoto yake, anaichemsha, anamwaga. Mimi nageukia ukutani, nasaga. Jiwe lina kelele, na mimi nalisaga kwa nguvu kuliko inavyohitajika, nisije nikasikia ni mara ngapi anamwaga yale maji. Akimaliza ananiachia rokoto kwenye kisahani, naijaza kama zote, naifunika kwa jibini, naitia tanuri. Haina zeituni. Aliniambia neno moja tu juu ya hilo, kwamba nitaijua kwa sababu ni ya mwisho kwenye trei, na hiyo inatosha.

Anatoka, anakaa dirishani, anakula polepole. Hali yake inaendelea vizuri au vibaya, hajaniambia, na Wilfredo naye hajui, maana siku hizi anapokuja anakaa mlangoni mwa nyumba ya mama yake mpaka aambiwe ingia. Mkono wa Natividad haujagusa bakuli tena. Mimi napita na jagi la chicha, namjazia glasi, ananiambia asante, komadre. Na ninasimama pale kando yake muda mfupi kuliko ninavyotaka, kwa sababu kuna swali moja ambalo nimemuuliza kila mtu aliyekula kwangu maisha yangu yote, na yeye siwezi kumuuliza, la kama inawasha.